Mama Mkwe na Kijisanduku Cheusi

Jumatatu, 3 Machi

Gari la maiti limekufa. Najua sentensi hiyo inachekesha. Mimi sijacheka.

Limenifia mtaani Krofrom, mbele ya mama anayechoma ndizi, nikilijaribu kwa ajili ya Jumamosi. Kabla ya hapo lilikuwa linateleza barabarani kama limepakwa siagi. Halikukohoa. Halikusita. Lilizimika kama mshumaa uliopulizwa. Nimekuwa fundi hapa Suame Magazine, mtaa wa magereji, tangu enzi nilipokuwa na kiuno, na kila injini iliyonifia mikononi ilinipa taarifa kwanza: moshi, mtetemo, mlio wa kuchukiza. Hii imeondoka bila kuaga.

Nikanunua ndizi na karanga, nikala huku nafikiri. Nilipomaliza nikageuza ufunguo. Likawaka. Utadhani lilikuwa linangoja nishibe.

Uamuzi wangu: mafuta machafu.

Niandike pia kwa nini jasho linanitoka. Jumamosi tunamtoa Mama Mkwe, Maame Dufie, mochwari, tunampeleka kwake Mamponteng alazwe sebuleni watu wamuage, kisha azikwe. Ana mabinti wawili, kwa hiyo ana wakwe wawili. Mimi nimemwoa Serwaa, mdogo. Mwanyumba wangu, Bwana Amponsah mwenye duka la dawa, amemwoa Konadu, mkubwa. Amponsah amechukua jukumu la jeneza. Lina vishikio vya rangi ya dhahabu na kidirisha cha kioo. Kwenye kikao cha ukoo alivieleza vile vishikio kimoja kimoja. Alipomaliza, mkuu wa ukoo, Mjomba Nti, akanigeukia akauliza mkwe mdogo analeta nini.

Nilikuwa nimeonja kidogo. Nikasema naleta gari. Na si la kukodi. Langu mwenyewe, nililolifufua kwa mikono hii, lenye mapazia ya zambarau na honi ya sauti tatu.

Amponsah akasema, kwa sauti yake ile ya kumpa mtu dawa ya kikohozi, kwamba ni jambo jema sana, na kwamba gari lake kubwa litakuwa nyuma yetu, tahadhari tu, shemeji. Viti vyake vya nyuma vinalala. Ameshapima. Jeneza linaingia.

Mama Mkwe akiingia nyumbani kwake ndani ya jeneza la Amponsah, ndani ya gari la Amponsah, basi amezikwa na Amponsah. Mimi nitakuwa mtu aliyekuja kula.

Jumanne, 4 Machi

Nimebadilisha pampu ya mafuta. Nimebadilisha chujio. Nimebadilisha plagi. Nimesugua vichwa vya betri mpaka vikang'aa kama meno ya mwanasiasa. Nikatoka nikiimba.

Limezimika sokoni Kejetia, katikati ya mzunguko. Wauza nguo wamenifahamisha, kwa pamoja, wanavyowaonea huruma waliozaliwa tumbo moja na mimi. Mmoja alichungulia nyuma kwenye mapazia akauliza aliyemo ndani alikuwa na haraka au vipi. Nikasema hamna mtu. Akasema hata maiti wamekukimbia, baba?

Nikiwa nimekaa pale nilifanya jambo la kisomi. Niligeuza ufunguo nikazisoma taa za dashibodi. Ya betri iliwaka. Ya oili iliwaka. Ile ya manjano, ya injini, inayowaumbua wateja wangu kila siku, haikuwaka kabisa. Giza tupu. Moyo ukatulia. Injini haina lalamiko. Tatizo liko kwingine.

Jioni nikamtegea Frema. Frema ni fundi umeme wa banda la jirani, mwanamke mwenye sauti inayovuka mitaa bila kulipa nauli. Anajua kompyuta za magari na hajawahi kuificha siri hiyo. Nikimwuliza moja kwa moja, kesho Magazine nzima itajua Twumasi ameshindwa na gari lake mwenyewe. Kwa hiyo nikasema kuna mteja. Mteja wa mbali. Gari lake linazimika likipata joto, likipoa linawaka.

Frema akauliza, likizimika, ukigeuza ufunguo, taa ya injini inawaka?

Nikasema haiwaki, na ndiyo raha yake.

Akapangusa mikono. Kisha akasema huyo mteja wa mbali anafanana mno na mtu fulani aliyefunika gari la maiti kwa turubai pale nyuma. Akasema yuko tayari kumsaidia mteja huyo siku nitakapomwita Masta mbele ya mtaa wetu wote. Mafundi wakubwa hapa wote huitwa Masta. Yeye tunamwita Madamu. Amesema Madamu ni jina la kuuzia mawigi, na yeye hajawahi kuuza wigi.

Nikamwambia afadhali nilisukume hadi Mamponteng. Akanitakia safari njema.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya sayansi. Nimeazima ile mashine ya kusomea kompyuta za magari kwa Sarpong, mtaa wa chini. Nilingoja gari lizimike, nikachomeka waya, nikabonyeza kila kilichobonyezeka. Mashine ikazunguka, ikazunguka, ikaandika: hakuna mawasiliano. Hakuna kosa hata moja kwenye orodha. Hakuna orodha.

Wakati huohuo akatokea Amponsah, shati jeupe, viatu vyeupe, kwenye uwanja wenye oili ya miaka yote. Amekuja kulikagua gari, kwa niaba ya ukoo, anasema. Nikamweleza kwamba mashine haikuona kosa lolote. Sikudanganya. Kila neno lilikuwa kweli.

Akatikisa kichwa kwa heshima. Akaomba nimzungushe kidogo. Gari lilikuwa limeshapoa, kwa hiyo likawaka kwa adabu, nikamzungusha hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Akaomba tufike barabara kuu. Nikasema gari la maiti halichoshwi kabla ya kazi yake, ni kama kumwimbisha mwanakwaya siku nzima kabla ya ibada. Akafikiri. Akakubali. Alipoondoka nikalifunika gari kwa turubai.

Nyumbani nimemkuta Serwaa anapiga pasi kitambaa cheusi cha msiba wa mama yake. Akauliza gari likoje. Nikasema mashine imelisifu. Akageuza kitambaa. Kisha akasema mama yake aliwahi kuwaambia majirani kwamba mkwe wake Twumasi akisikia gari linapanda kilima anajua ni la nani na lina ugonjwa gani. Alikuwa anajivunia, akasema. Akaendelea na pasi.

Ningependa angenigombeza.

Alhamisi, 6 Machi

Sikukuu ya Uhuru. Watoto wanaandamana mjini kwa ngoma, na Magazine imenyamaza kama kanisa siku ya kazi. Nilikuja peke yangu. Nilifunua turubai, nikaiacha injini ingurume mpaka gari likapata joto likazimika. Nikakaa nalitazama. Betri imejaa. Mafuta yapo. Injini nzima, vyuma vyote vile, kila kimoja kizima. Na halina uhai.

Frema akatokea. Amesema haandamani, miguu yake ni ya kusimamia. Akaniona nilivyokaa. Hakucheka, na hilo lilinitisha zaidi ya kucheka. Akasema kwa kuwa leo hakuna watu, lile neno la Masta nitalilipa kesho wakiwepo. Leo nikae kwenye usukani, nigeuze ufunguo, nifunge mdomo.

Niandike nilichokiona, kwa sababu sijawahi kuona kitu kama hicho.

Akaniuliza taa ya injini iko wapi. Nikasema haiwaki. Akasema, Twumasi, ukigeuza ufunguo, kabla injini haijawaka, ile taa lazima iwake kidogo. Si lalamiko. Ni kompyuta inaitika, inasema nipo. Hii yako haijaitika. Uliita, hakuna mtu nyumbani, ukafurahi kwamba nyumba ina amani.

Nilifunga mdomo kama nilivyoagizwa.

Kisha akasema pampu uliyobadilisha haikuwa na kosa, inangoja amri ya kompyuta. Plagi zinangoja amri ya kompyuta. Mashine ya Sarpong ilikuwa inapiga hodi kwa kompyuta. Kwa hiyo usiulize nani ameshindwa kufanya kazi. Uliza nani hajamwamsha bosi.

Akafungua sanduku la fyuzi pembeni ya injini. Akaweka kidole juu ya kijisanduku cheusi, kidogo kuliko kiberiti. Rilei, akasema, hii ndiyo inayoipelekea kompyuta umeme. Shuka, lete mkono. Akachukua kidole changu akakiweka pale, akaenda dirishani akageuza ufunguo. Kimya. Akarudi akakihamisha kidole changu kwenye kijisanduku kingine kilichofanana nacho, cha honi, akaenda kubonyeza honi. Nikasikia kitu kinagonga chini ya ngozi, tak, kama kifaranga anayegonga ganda akiwa bado ndani.

Akachukua taa yake ya kupimia. Kwenye mguu unaoleta umeme, taa iliwaka. Kwenye mguu unaoutoa kwenda kwenye kompyuta, haikuwaka. Umeme umefika mlangoni, akasema, mlango haufunguki.

Akaing'oa ile rilei, akachomeka ya honi mahali pake. Nikageuza ufunguo. Tak. Taa ya manjano ikawaka. Nyuma kabisa pampu ikavuma. Gari zima likaamka kutoka mbele hadi nyuma kama nyumba ambayo mama wa nyumba amerudi.

Kwa wembe akabandua kifuniko cha ile mbovu, akanionyesha. Penye lehemu palikuwa na ufa mwembamba kuliko unywele. Ikipata joto ufa unafunguka. Ikipoa unafunga. Hicho tu. Gari lote lile, tani ya chuma, na jina langu ukweni, vinaning'inia kwenye ufa ambao sikuuona mpaka nilipovaa miwani yake.

Akaniambia ninunue mpya kesho maduka yakifungua, nirudishe ya honi mahali pake. Akaitupa ile mbovu kwenye mtaro, akaenda zake.

Nimekaa pale mpaka jua likanifukuza. Naweka kidole juu ya rilei, nageuza ufunguo. Tak. Nazima. Tena. Tak.

Ijumaa, 7 Machi

Tatizo limepona. Limebaki tatizo la kupona bila Frema.

Duka la rilei hizi ni la dada yake Frema. Nikinunua pale, kabla sijapata chenji Frema ameshajua, na mtaa mzima utakusanyika kusikia nikimwita Masta. Wapo wanagenzi wangu wa zamani hapa, sasa ni wanaume na matumbo yao. Mtu ana heshima yake.

Naweza kwenda na rilei ya honi kwenye kompyuta, honi ikae kimya. Lakini gari la maiti bila honi? Nimwingize Mama Mkwe kwake kimyakimya kama mzigo wa magendo? Amponsah angepiga ya kwake, nyuma yangu, kwa tahadhari.

Kwa hiyo nimefikiri kama fundi. Nyuma ya banda langu kuna lundo la magari yaliyostaafu. Nikapekua, nikapata rilei yenye rangi ileile, miguu ileile. Nikaipangusa kwa shati. Nikairudisha ya honi kwenye honi, kwa sababu imeshazoea kazi yake, na hii ya lundo nikaipa kompyuta. Nikageuza ufunguo. Tak. Taa ikawaka. Nikaenda hadi Tafo na kurudi, napiga honi njia nzima.

Frema akaniuliza kwa sauti, watu wote wakiwepo, kama nina neno la kumwambia. Nikasema ndiyo: tukutane kesho msibani. Mtaa mzima unakuja, nguo nyeusi na nyekundu.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Tulikuwa mochwari alfajiri. Mama Mkwe alitoka amepambwa, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Vishikio vya Amponsah vilipendeza, nakiri. Jeneza likaingia kwenye gari langu. Mbele nilikaa mimi na Mjomba Nti. Nyuma yetu Amponsah na mabinti wawili kwenye gari kubwa, wasioongea. Konadu na Serwaa hawajasemeshana tangu mama alipougua. Nyuma yao mabasi mawili, la ukoo, na la mafundi wa mtaa wetu, Frema akiwa dirishani na kilemba chekundu.

Nikapiga honi. Watu wa barabarani wakavua kofia. Nilijiona mtu.

Tulipopita Tafo, gari likazimika. Bila kuaga.

Niligeuza ufunguo. Taa ya manjano haikuitika. Nilijua papo hapo. Kwa mara ya kwanza maishani nilijua hasa gari lina nini, na nilitamani nisingejua.

Watu wakashuka. Mjomba Nti akaniuliza. Mdomo wangu ukasema wenyewe: gari limepimwa kwa mashine, Mjomba, halina kosa lolote.

Shangazi Birago, mdogo wa marehemu, akashika kiuno. Kama gari halina kosa, akasema, basi ni Dada. Dada amekataa kwenda.

Ningeweza kusema neno hapo. Sikusema. Nilifikiri: wakimbembeleza, rilei itapoa. Nikafungua boneti nikaingiza kichwa.

Mjomba akamimina pombe ya tambiko mbele ya gurudumu, akamwuliza marehemu ni nani amemchoma moyo, aseme. Mimi ndani ya boneti nimeishika rilei kwenye kiganja, naipuliza kama uji wa mtoto.

Nikasikia sauti ya Konadu. Alisema, Mama, ni mimi. Kabla hujapoa nilichukua shanga zako kwenye sanduku, nikamwambia Serwaa zimepotea. Nikachungulia. Alikuwa anazivua kiunoni, palepale barabarani, chini ya kitambaa cha msiba. Akampa mdogo wake mkononi. Serwaa akazitazama. Akasema naye aliwaambia watu wa kanisani kwamba Konadu alimtelekeza mama, na haikuwa kweli, Konadu alikuwa anakuja akiwa yeye Serwaa hayupo. Wakashikana, wakalia juu ya bega moja.

Niliirudisha rilei. Nikageuza ufunguo. Tak. Taa ikawaka.

Watu walipiga yowe. Mimi ninajua sababu. Nimeuona ule ufa kwa macho yangu, kwa miwani ya Frema. Lakini nywele za mikononi zilisimama zote, na hazikuomba ruhusa.

Tukaenda. Mbele kidogo, likapata joto, likazimika tena.

Bado kuna jambo, akasema Shangazi Birago. Na akaanza yeye: harusi ya Konadu, ile supu iliyoharibika kwa chumvi, ni yeye. Alikuwa na hasira kwa sababu hakupewa kiti cha mbele. Dereva wa basi la ukoo, ambaye hata si ndugu, akakiri kwamba hana leseni. Akaambiwa hilo lisubiri.

Kisha Amponsah akasogea, viatu vyeupe kwenye tope. Akaweka mkono juu ya gari langu. Akasema, Mama, lile paa la jiko lako. Ulinishukuru kila nilipokuja, ukaniombea kwa jina. Sikuliezeka mimi. Ni Twumasi, wewe hukuwepo, mimi nikiwa safarini. Ulidhani ni mimi, nikanyamaza, halafu ikawa vigumu kusema.

Niligonga kichwa kwenye boneti. Bati moja baada ya jingine nililipigilia mwenyewe, na Mama Mkwe amekufa akimbariki mwuza dawa. Nilitaka kumpiga kwa spana. Nilitazama uso wake. Alikuwa analia bila kujifuta, mtu ambaye hajawahi kukunja shati. Nikaishia kumpa tambara langu la oili. Akalitumia.

Rilei ikapoa. Likawaka. Tukaenda, Mjomba Nti akimalizia chupa.

Mara ya tatu lilizimika kwenye njia ya kuingilia Mamponteng. Nyumba ilikuwa inaonekana. Paa la jiko lilikuwa linaonekana. Waombolezaji wameshasimama barazani, wanatutazama tukiwa tumesimama.

Maji ya mfuko wa plastiki niliyokuwa naipozea rilei yamekwisha. Wenye ya kusema wote walikuwa wamesema. Mjomba Nti akatangaza kwamba watu wanangoja na jua linapanda; kama Dada bado hataki gari hili, tumhamishe. Amponsah, bila furaha yoyote, akaanza kulaza viti vyake. Watu wakanigeukia. Mkwe mdogo peke yake hajafungua mdomo. Serwaa naye aliniangalia. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananiomba kitu kwa macho tu.

Frema alishafika pembeni yangu. Aliinama kama mtu anayechungulia injini, akaninong'oneza: hii umeitoa kwenye lundo gani? Nikajifanya nakaza waya. Akasema, unajua ninachongoja. Na sasa hivi hata mama mkwe wako anakingoja.

Nikalitazama basi la mafundi. Wote walikuwa wameshuka. Matumbo yote.

Nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi barazani: Masta Frema, nimeshindwa. Naomba unisaidie.

Kisha Shangazi Birago akapiga paja. Akasema ndilo hilo, ndilo Dada alilokuwa analingoja, mwanaume huyu ajishushe mbele ya mwanamke walau mara moja. Wanawake wa ukoo wakaitikia wote pamoja. Serwaa alifunika mdomo kwa kitambaa, na sina hakika alikuwa analia.

Frema hakusema kitu, mara ya kwanza tangu nimfahamu. Aling'oa rilei ya honi akaichomeka kwenye kompyuta. Nikageuza ufunguo. Tak. Taa ya manjano ikawaka, ikasema nipo.

Tulishuka ule mteremko wa mwisho taratibu. Kwa mazoea nikabonyeza honi. Kimya. Na katika kimya hicho Konadu akaanzisha wimbo wa kumlilia mama, Serwaa akaudaka, na wanawake wote wakaingia, wakitembea pande zote mbili za gari, mikono juu ya vichwa. Sijawahi kusikia sauti ile. Waliokuwa barazani waliitikia kabla hatujafika. Nyimbo mbili zikakutana juu ya boneti langu. Sauti tatu za honi yangu zingekuwa matusi.

Mama Mkwe aliingia kwake ndani ya gari langu.

Jumapili, 9 Machi

Ibada ya shukrani, nguo nyeupe na nyeusi. Kila mtu amenishika mkono. Konadu na Serwaa wamekaa benchi moja, shanga wamegawana. Amponsah amewaeleza watu watatu tofauti habari za paa, nikiwepo, na mara ya tatu nikaanza kumwonea huruma.

Baada ya ibada Frema amekuja na rilei mpya kutoka kwa dada yake, ameifunga mwenyewe na ya honi ameirudisha mahali pake. Ile ya lundo ameikanyaga kwa kisigino. Amesema gari hili sasa litawazika hata wajukuu wangu bila kusimama. Nikamwita Masta tena, na si vigumu kama nilivyodhani, hasa pasipo na watu.

Wakati wa kula fufu Mjomba Nti akaniita nyuma ya nyumba. Alikuwa na chupa nyingine. Akaniambia ujanani aliendesha lori la magogo, na anaijua injini iliyokufa kwa huzuni na iliyokufa kwa waya. Nikatazama viatu vyangu. Akasema sina haja ya kutazama viatu, amezika watu wengi katika ukoo huu na hajawahi kuona mazishi yakifanya kazi vizuri namna ile.

Akaendelea. Jumamosi ijayo wanamzika binamu yake Effiduase. Ameacha kaka wawili wasiopeana hata salamu. Akauliza, gari lako, mkwe wangu, linaweza kusimama kidogo njiani? Mahali pa heshima, penye kivuli?

Nikasema ni jambo dogo. Nikasema niachie mimi.

Sasa niko Magazine, turubai limefunguliwa, nguo za shukrani zimeshaingia oili. Nimelingurumisha gari mchana kutwa. Linakwenda kama saa. Nimelegeza waya mmoja wa betri: linawaka. Nimechomoa waya mwembamba wa kijani ambao sijui ni wa nini: redio tu ndiyo iliyozima. Nimeipiga ile rilei mpya kwa nyundo ya mpira. Tak, inaitika. Taa ya manjano inawaka na kuzimika kwa adabu zote.

Frema yuko bandani kwake, ameegemea nguzo, ananitazama. Ameuliza kwa sauti kama nina shida yoyote.

Nimemwambia hakuna shida, Madamu. Ni ya mteja.